UZI: Ubangi-Shari, njia ya wapagazi iliyogeuzwa kuwa koloni (na namna ya kulisoma jina hili kwenye stempu, ramani na nyaraka)

Mwanaramani:

Wakuu, heshima kwenu.

Jamhuri ya Afrika ya Kati inatajwa sana tangu Rwanda, Burundi na Tanzania zipeleke askari wa kulinda amani kule. Tatizo linaanza mtu akitaka kujua ilikotoka. Anatafuta "Afrika ya Kati 1910" au "Afrika ya Kati 1930" na anapata vitu visivyohusiana kabisa. Sababu ni ndogo: kabla ya tarehe 1 Desemba 1958 hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Ilikuwa Ubangi-Shari, na Wafaransa waliokuwa wakiitawala waliandika Oubangui-Chari.

Tuanze na matamshi. "Ch" ya Kifaransa ni "sh" yetu, kwa hiyo Chari ni Shari. Si ile shari ya "heri na shari". Ni mto, na Ubangi nao ni mto. Ukiielewa mito hii miwili umeielewa koloni nzima.

Ubangi unazaliwa pale Mbomu na Uele inapokutana, karibu na Yakoma. Unakwenda magharibi, kisha kwenye eneo la Bangui unapinda kusini hadi kumwaga maji yake kwenye mto Kongo. Shari unakwenda upande mwingine kabisa: matawi yake, Gribingui, Bamingui na Ouham, yanaanzia huko huko katikati lakini yanaelekea kaskazini hadi Ziwa Chad. Mvua ikinyesha upande mmoja wa kigongo cha ardhi kilichopo kati yao, maji yataishia Atlantiki. Ikinyesha upande wa pili yataishia ziwani, hayafiki bahari yoyote.

Sasa angalia jina tena. Makoloni mengi yaliitwa kwa mto mmoja: Senegali, Niger, Gambia, Kongo. Hili lina mito miwili isiyokutana, imeunganishwa kwa kistari. Kile kistari ni nchi kavu, na kwenye nchi kavu mizigo ilipita kichwani mwa watu. Ninachosema ni kwamba jina Ubangi-Shari halikutaja watu wala ufalme wala mji. Lilitaja njia ya mizigo, na kwa miaka ile ya mwanzo nchi ilitawaliwa kama njia.

BintiKigoma:

Asante Mwanaramani. Tueleze hiyo njia ilipita wapi hasa, kituo kwa kituo. Ramani nyingi za zamani zina majina ya "Fort" fulani ambayo leo hayapo.

Mwanaramani:

Dada, tufuate mzigo wenyewe.

Unatoka Brazzaville kwa meli ya mvuke. Unapanda mto Kongo, unaingia Ubangi, hadi Bangui. Ni kama kilomita 1,200 za maji. Bangui ilianzishwa Juni 1889 na Michel Dolisie, na iliwekwa pale kwa sababu ndipo maporomoko yanapoizuia meli. Juu ya hapo mzigo unashushwa na kupakiwa kwenye mitumbwi hadi mdomo wa mto Kémo, kituo cha Fort-de-Possel. Kutoka hapo unafuata Kémo na tawi lake Tomi hadi Krébedjé, mahali palipopewa jina la Fort-Sibut. Mtumbwi unaishia hapo. Kinachofuata ni miguu tu, kupitia upande wa Dékoa, kuvuka kigongo hadi Fort-Crampel kwenye mto Gribingui. Hapo umeshaingia bonde la Shari, unapakia tena kwenye maji na kuteremka kuelekea Fort-Archambault na Fort-Lamy.

Majina ya leo: Fort-Crampel ni Kaga-Bandoro. Fort-Sibut ni Sibut tu. Fort-de-Possel ni Possel. Fort-Archambault ni Sarh na Fort-Lamy ni N'Djamena, zote mbili ziko Chad.

Aliyeifungua njia hii ni Émile Gentil, ofisa wa kikoloni wa Ufaransa. Alikuja na meli ndogo ya mvuke iitwayo Léon-Blot, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa nchi kavu kutoka upande wa Tomi, ikaungwa tena upande wa Gribingui, na mwishoni mwa 1897 ikafika Ziwa Chad. Tafakari hilo wakuu: bamba la chuma, bomba la boila, boriti, vyote juu ya mabega. Baada yake ndiyo njia iliyolisha vita dhidi ya Rabih, mbabe wa vita kutoka Sudan aliyetawala eneo la Ziwa Chad, aliyeuawa Kousséri tarehe 22 Aprili 1900, na baada ya Rabih ikaendelea kulisha ngome za jeshi la Ufaransa kule Chad kwa miaka.

Mzee wa Frasila:

Hapo kwenye miguu msipite haraka, maana ndipo penye kisa. Sisi watu wa pwani tunaujua upagazi kwa majina yake: mpagazi, mzigo, posho. Hebu tuupige hesabu.

Mzigo wa kichwani wa njia ile ulikuwa wa kilo 30 hivi. Huko kwetu misafara ya kutoka Bagamoyo ilihesabu frasila mbili kwa mtu, na frasila ni karibu kilo 16, kwa hiyo ni uzito ule ule. Sibut hadi Kaga-Bandoro ni takriban kilomita 155. Mtu mwenye mzigo akienda kilomita 25 kwa siku, ni siku sita kwenda na sita kurudi. Siku kumi na mbili. Mpe kilo moja tu ya unga kwa siku, ni kilo kumi na mbili.

Sasa hapo ndipo mambo yanapoharibika. Akibeba posho yake mwenyewe, chakula kinakula sehemu mbili kati ya tano za mzigo wake. Mfereji unakunywa maji yake wenyewe. Serikali haikukubali hasara hiyo, kwa hiyo posho ikachukuliwa kwenye vijiji vya njiani. Vijiji hivyo ndivyo vilivyotoa wapagazi pia. Mwanamume hayupo shambani, na muhogo aliouacha unaliwa na msafara unaopita. Msimu wa kupanda ukimkuta njiani, mwaka unaofuata hakuna cha kuvuna.

Tofauti na misafara ya pwani ni hii: Mnyamwezi alikuwa na mapatano ya ujira, na upagazi kwake ulikuwa kazi yenye heshima yake. Wamandja wa eneo la Gribingui walikamatwa. Wakaanza kuhama njia, wakaingia porini. Kijiji kikihama, zamu yake inaangukia kijiji kilichobaki, nacho kinaelemewa, nacho kinahama. Maofisa walipokosa watu wakaanza kushika wanawake na watoto ili waume wajitokeze. Huo mtindo wa mateka haukuanzia kwenye ukatili wa mtu mmoja. Ulianzia kwenye hesabu ya kilo na siku isiyoweza kutimia.

BintiKigoma:

Mzee, shikamoo. Hapo umefungua jambo. Ile kesi ya Toqué na Gaud, maofisa wa Kifaransa walioshtakiwa kwa mauaji, si ndiyo ilitokea Fort-Crampel hiyo hiyo?

Mzee wa Frasila:

Marahaba mwanangu. Ndiyo. Tarehe 14 Julai 1903, sikukuu ya taifa la Ufaransa, mfungwa aliyeitwa Pakpa aliuawa kwa baruti pale Fort-Crampel. Habari zilipofika Paris zikazua kelele, na Brazza mwenyewe, mpelelezi aliyeipa Brazzaville jina lake, akatumwa mwaka 1905 kuchunguza. Alifariki Dakar Septemba mwaka huo huo akiwa njiani kurudi. Toqué na Gaud walihukumiwa Brazzaville.

Lakini usiishie hapo kama magazeti ya wakati ule yalivyoishia. Mwaka 1904 wanawake 58 na watoto 10 walichukuliwa mateka upande wa Mongoumba kwa ajili ya kodi ya mpira (ule utomvu wa porini), wakafungiwa kwenye nyumba moja Bangui. Wanawake 45 na watoto 2 walikufa humo ndani kabla daktari hajafika na kuamuru mlango ufunguliwe. Huo haukuwa upagazi, ulikuwa mpira, na ni muhimu kuvitenganisha: upagazi ulikuwa wa serikali na uliumiza zaidi mstari wa Kémo hadi Gribingui. Mpira ulikuwa wa kampuni. Mwaka 1899 Ufaransa iligawa maeneo ya Kongo yake kwa kampuni 40 kwa miaka 30, na ile ya Sultanats du Haut-Oubangui peke yake ilipewa kama kilomita za mraba 140,000 upande wa mashariki. Kule Ubangi-Shari mtu aliweza kudaiwa na wote wawili.

Kasha la Stempu:

Naomba niingie kwa upande wangu, maana jina hili wengi wanakutana nalo kwanza kwenye stempu na wanakosea tarehe.

Stempu za kwanza zenye jina la huku ni za 1915, na hazikuchapwa upya. Ni stempu za Moyen-Congo (koloni jirani, leo Kongo ya Brazzaville) zilizopigwa chapa juu yake: OUBANGUI-CHARI-TCHAD. Thamani ndogo zina chui aliyevizia, za kati zina picha ya mwanamke, kubwa zina minazi. Ukiona minazi usidhani ni Bangui, jamani. Bangui iko mbali na bahari kuliko Dodoma. Ile ni minazi ya Libreville, Gabon, imekuja na mchoro wa Moyen-Congo.

Mwaka 1922 chapa ikabadilika ikawa OUBANGUI-CHARI peke yake. Kuanzia 1924 ikaongezwa AFRIQUE EQUATORIALE FRANÇAISE, kwa kifupi AEF, yaani shirikisho la makoloni ya Ufaransa ya Gabon, Moyen-Congo, Ubangi-Shari na Chad. Mwaka 1931 zikatoka nne za Maonyesho ya Kikoloni ya Paris, hizi jina limechapwa moja kwa moja. Mwaka 1936 jina likatoweka kwenye stempu, kwa sababu makoloni yote manne yakaanza kutumia stempu za AEF. Kwa hiyo barua ya 1945 kutoka Bambari ina stempu isiyotaja Ubangi-Shari popote. Soma muhuri wa posta, maana mara nyingi jina la koloni liko chini ya jina la mji.

Namna ya kukagua chapa: chukua lenzi ya kukuza mara kumi, tafuta mahali chapa ya jina na muhuri wa posta vinapokatana. Stempu halali ilipigwa chapa kwanza, ikauzwa, ndipo posta ikagonga muhuri. Wino wa muhuri lazima ukae juu. Ukikuta wino wa jina ndio umefunika muhuri, mtu amechukua stempu iliyotumika ya Moyen-Congo akaipiga jina baadaye. Mwanga uje kwa ubavu, usiweke taa moja kwa moja juu, hutaona tabaka.

Mlinzi wa Nyaraka:

Naongezea hapo kwenye tarehe, maana stempu huchelewa nyuma ya sheria. Chad ilitenganishwa Machi 1920, lakini Kasha la Stempu ameeleza vizuri kwamba chapa ya OUBANGUI-CHARI-TCHAD ilidumu hadi 1922. Usitumie stempu kuamua hadhi ya koloni. Tumia maneno ya kichwa cha karatasi.

Mfuatano ni huu. Kabla ya 1903 utakuta Haut-Oubangui, ndani ya Kongo ya Ufaransa. Amri ya tarehe 29 Desemba 1903 ndiyo iliyoleta Oubangui-Chari kama jina rasmi. Mwaka 1906 Chad ikaunganishwa nayo, likawa Oubangui-Chari-Tchad, makao yakiwa Bangui. Mwaka 1910 likaundwa shirikisho la AEF chini ya gavana mkuu aliyekaa Brazzaville. Mwaka 1920 Chad ikatoka. Kisha watu wengi wanaruka moja kwa moja hadi 1946, na hapo katikati kuna kitu kinachosaidia sana: mwaka 1934 AEF ilifanywa koloni moja, na Ubangi-Shari ikashushwa kuwa "région", yaani mkoa. Hali hiyo haikudumu, kufikia 1937 ikaitwa "territoire". Kwa hiyo karatasi isiyo na tarehe yenye neno "Région de l'Oubangui-Chari" umeshaibana ndani ya miaka mitatu. "Territoire d'outre-mer" (eneo la ng'ambo ya bahari) ni baada ya katiba ya 1946.

Nyaraka zenyewe nyingi ziko Aix-en-Provence, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka za makoloni. Tafuta fungu la Gavana Mkuu wa AEF. Taarifa za kisiasa za Ubangi-Shari ziko mfululizo 4(3)D. Ukiagiza 4(2)D utaletewa Moyen-Congo na 4(4)D ni Chad. Watu hupoteza siku nzima kwa kukosea tarakimu hiyo moja.

BintiKigoma:

Na mipaka? Tuseme mtu anatafuta habari za Berbérati, walikokaa askari wa Tanzania. Atafute Ubangi-Shari?

Mlinzi wa Nyaraka:

Swali zuri, na jibu ni hapana, si kwa miaka yote. Haute-Sangha, yaani Berbérati, Nola na Carnot, ilikuwa chini ya Moyen-Congo kwa muda mrefu kabla ya kuhamishiwa Ubangi-Shari. Na juu ya hilo, mkataba wa tarehe 4 Novemba 1911 uliwapa Wajerumani eneo hilo likawa sehemu ya Neukamerun, hadi vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa. Kwa hiyo Berbérati ya 1913 ipo kwenye nyaraka za Kijerumani. Ya 1920 ipo kwenye Moyen-Congo. Ya 1950 ndiyo ipo Ubangi-Shari. Ni mji huo huo, haujasogea hata hatua.

Vita vya Kongo-Wara, vilivyoanza 1928 dhidi ya Wafaransa chini ya Karnou wa Wagbaya, navyo vimetawanyika hivyo hivyo, maana vilivuka mipaka ya makoloni. Ukisoma faili za Bangui tu utadhani vilikuwa vidogo. Moja ya malalamiko yake makubwa lilikuwa watu kupelekwa kujenga reli ya Congo-Océan, kazi iliyoanza 1921 na kuisha 1934, mamia ya kilomita kutoka kwao. Upagazi ulikuwa umepungua barabara za magari zilipoanza, lakini nchi ikabaki ghala la kuchotea nguvu za watu.

Mwanaramani:

Mitego miwili ya majina kwa wanaotafuta.

Mtego wa kwanza ni Ubangi ya ng'ambo. Mto ni mpaka. Mkono wa kulia ilikuwa Ubangi-Shari ya Wafaransa, mkono wa kushoto Kongo ya Wabelgiji, ambako nako kulikuwa na wilaya ya Ubangi. Leo kuna mikoa ya Nord-Ubangi na Sud-Ubangi, yenye miji ya Gbadolite na Gemena, yote ya Kongo ya Kinshasa. Zongo inatazamana na Bangui uso kwa uso. Waraka wa Kibelgiji ukisema "Ubangi" bila Shari, uko ng'ambo ya kusini.

Mtego wa pili unatuhusu sisi moja kwa moja. Kwenye maandishi ya Kiingereza ya zamani "Afrika ya Kati" maana yake ni Malawi na jirani zake. Nyasaland iliitwa Himaya ya Uingereza ya Afrika ya Kati hadi 1907, na baadaye, 1953 hadi 1963, likaja shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo nalo watu waliliita la Afrika ya Kati. Hata UMCA, wamisionari wa Unguja, Magila na Masasi, jina lao lina Afrika ya Kati ndani yake na hawakuwahi kukaribia Bangui. Ukikuta "Afrika ya Kati" kwenye waraka wa Kiingereza wa 1900, usiuhusishe na Ubangi-Shari kabisa.

Kilongozi:

Sasa nani aliliondoa jina, na kwa nini alichagua hili lenye utata? Maana "Afrika ya Kati" ni kama kuiita nchi "Afrika ya Mashariki".

Mlinzi wa Nyaraka:

Umegusa penyewe mkuu, kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa.

Barthélemy Boganda, padri wa kwanza Mwafrika wa nchi ile, alichaguliwa mbunge mwaka 1946, akaanzisha chama cha MESAN mwaka 1949, na mwaka 1957 akawa rais wa Baraza Kuu la AEF yote. Alipoona shirikisho linavunjwa, alitaka makoloni yote manne, Gabon, Kongo ya Brazzaville, Chad na Ubangi-Shari, yaingie uhuru yakiwa jamhuri moja. Jina la jamhuri hiyo lilikuwa République centrafricaine. Kwa eneo la ukubwa huo, "Afrika ya Kati" lilikuwa jina sahihi kabisa. Na hakuishia hapo, alitamani siku moja Kongo ya Wabelgiji, Angola na Kamerun ziingie pia.

Wenzake walikataa. Gabon ilikuwa na mapato yake na haikutaka kuwalipia wengine. Brazzaville na Chad zikatangaza jamhuri zao Novemba 1958. Tarehe 1 Desemba 1958 Boganda akatangaza jamhuri kwa Ubangi-Shari peke yake, jina la nyumba kubwa likabaki kwenye chumba kimoja. Bendera nayo ni ushahidi: rangi za Ufaransa pamoja na kijani na njano, imebuniwa kwa ajili ya wote. Boganda alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 29 Machi 1959, na uhuru wa tarehe 13 Agosti 1960 ukapokelewa na David Dacko.

Mzee wa Frasila:

Niongeze neno la Kisango, maana ni lugha rasmi ya nchi ile tangu 1991. Kwa Kisango nchi inaitwa Ködörösêse tî Bêafrîka. Ködörö ni kijiji, nchi, kwao. Sêse ni ardhi. Na "bê" maana yake ni moyo, na ni katikati pia. Kwa hiyo Mfaransa akisikia "ya Kati", Msango anasikia "moyo wa Afrika". Jina linalosikika kama la ramani kwa Kiswahili, kwa mwenyewe lina damu ndani yake. Ubangi-Shari halikuwahi kuwa na tafsiri ya namna hiyo.

Kilongozi:

Nashukuru wazee wangu. La mwisho: mtu akitafuta mtandaoni aandike vipi ili asikose kitu?

Mlinzi wa Nyaraka:

Andika kwa tahajia tatu, moja baada ya nyingine: Oubangui-Chari kwa Kifaransa, Ubangi-Shari kwa Kiingereza, Ubangi-Schari kwa Kijerumani. Rudia kila moja bila kistari, maana orodha nyingine zimeingizwa kama maneno mawili. Kwa miaka ya 1906 hadi 1920 ongeza Tchad. Kwa miji, tumia jina la zamani pamoja na la leo: Fort-Crampel na pia Crampel tupu, kwa sababu "Fort" iliondolewa kabla ya Kaga-Bandoro kuja. Na kama unatafuta Sibut ya wakati wa Gentil, usiandike Sibut. Andika Krébedjé.